Redio mpya ndani ya Land Rover ya 1965

Kasha la redio lilipogusa bati la dashibodi, cheche iliruka, na waya mweusi ukaanza kutoa moshi kabla fundi hajaondoa mkono wake. Ilikuwa karakana ya mjini Arusha, na gari lilikuwa Land Rover Series IIA ya mjomba wangu: fremu ndefu ya inchi 109, injini ya petroli ya cc 2,286, taa za mbele zikiwa bado katikati ya pua kama zilivyotoka kiwandani. Redio ilikuwa mpya na nzima. Fundi naye hakuwa mzembe. Alipima kwa mita, akaona umeme umekaa kinyume na alivyozoea, akageuza nyaya mbili: mwekundu akaufunga kwenye bodi, mweusi akaupeleka kwenye waya wenye umeme. Redio ikawaka. Alipoisukuma mahali pake, ikawa moshi.

Nimeifuatilia kazi ile tangu siku hiyo hadi ilipokamilika kwa fundi mwingine, na ninachotaka kueleza hapa ni kwamba ugumu wake haukuwa ndani ya redio hata kidogo. Ulikuwa kwenye umeme wa gari, na ukawa kwenye sharti moja la mjomba: "Msitoboe tundu jipya hata moja."

Tuanze na ule moshi. Katika magari karibu yote yaliyoko barabarani leo, bodi na chasisi vimeungwa na ncha hasi ya betri. Ndiyo ethi tunayoijua. Waingereza kwa miaka mingi waliunga ncha chanya kwenye bodi, na Land Rover ziliendelea hivyo hadi 1967. Gari la 1965 basi lina ethi chanya, na ukilitazama juu juu huwezi kujua, maana taa zinawaka na stata inazunguka kama kawaida. Redio ya kisasa, kwa upande wake, ina kasha la chuma lililounganishwa ndani kwa ndani na upande hasi. Ukigeuza nyaya bila kulitenga kasha, siku kasha linapogusa bodi umegonganisha hasi na chanya uso kwa uso. Fyuzi ya redio iko kwenye waya mwekundu. Mweusi hauna kinga, na ndio uliobeba umeme wote ule.

Kwa nini fyuzi ya gari haikukatika? Hapa pana jambo ambalo mafundi wengi hawalijui, nami sikulijua. Fyuzi za kioo za Lucas zilizokuja na magari haya ziliandikwa 35, lakini namba hiyo ni kiwango cha kuungua. Umeme zinaoweza kubeba muda wote ni nusu yake, takribani ampea 17. Fyuzi za kioo za siku hizi nyingi huandikwa kiwango cha kubeba. Mtu akinunua ya 35 dukani akaichomeka kwenye kisanduku cha Lucas, ameongeza kiwango cha fyuzi maradufu bila kujua, na waya mwembamba utayeyuka kabla fyuzi haijashtuka. Ya mjomba ilikuwa ya namna hiyo.

Fundi wa pili aliweka njia tatu mezani. Ya kwanza ni kuitenga redio na bodi kwa mpira na plastiki. Inawezekana, ila kila kinachoingia kwenye redio kinakuja na ethi yake: ganda la waya wa antena, waya wa USB, chaja ya simu. Kimoja kikigusa bati, tumerudi kwenye moshi. Ya pili ni kununua kibadilishi cha umeme kinachopokea volti 12 upande mmoja na kutoa volti 12 upande wa pili bila pande hizo kuungana. Hiyo ni njia safi kwa mtu anayetaka gari libaki kama lilivyozaliwa hata kwenye umeme. Ya tatu ni kuligeuza gari lote liwe na ethi hasi. Tulichagua ya tatu, kwa sababu mjomba hasafiri na fundi wake, na fundi yeyote wa Karatu au Babati atakayefungua boneti usiku ataamini kwamba bodi ni hasi.

Kugeuza kunatisha ukisikia, lakini vitu vya kugusa ni vichache. Stata haijali, kwa sababu sumaku yake inatengenezwa na umeme uleule unaopita kwenye koili zake. Ukigeuza umeme, vyote viwili vinageuka pamoja na mzunguko unabaki uleule. Taa hazijali. Amita itasoma kinyume, basi nyaya zake mbili zinabadilishana nafasi. Vibano vya betri vinahitaji kubadilishwa, kwa kuwa ncha chanya ni nene kidogo kuliko hasi. Koili ya moto nayo inabadilishiwa nyaya zake mbili ndogo. Hiyo watu huisahau kwa sababu gari huwaka hata usipofanya, ila cheche kwenye plagi itakuwa inaruka kutoka upande uliopoa kwenda uliochemka, na hilo linadai volti kubwa zaidi. Gari litaanza kukohoa mlimani, na mwenye gari atailaumu kabureta.

Dainamo ndiyo inayotaka utaratibu. Chuma chake cha ndani hubaki na usumaku kidogo unaokumbuka upande wa zamani. Ukiigeuza betri bila kuifundisha dainamo, itazalisha umeme wa kinyume, nao utajumlishwa na wa betri pale katauti, swichi inayoiunga dainamo na betri, inapofunga. Ncha za katauti zinaweza kuungua na kugandana. Fundi alifungua waya wa ncha ndogo ya dainamo, ile iliyoandikwa F, akachukua kipande cha waya kutoka upande chanya wa betri, akaigusisha ncha hiyo kwa sekunde mbili tatu. Cheche ndogo ya bluu, basi. Akarudisha waya, akawasha injini, akakanyaga mafuta kidogo. Taa nyekundu ya chaji ikafifia, ikazimika, na mshale wa amita ukasogea taratibu upande wa kujumlisha. Mjomba aliyekuwa ameegemea mlango alisema neno moja tu: "Imekubali."

Kisha ikaja hesabu ambayo kila mwenye gari la zamani anapaswa kuifanya kabla ya kwenda dukani. Dainamo ya Lucas C40 inatoa ampea 22 ikiwa nzima na injini ikiwa imechangamka. Usiku wa mvua, taa kubwa mbili za wati 60 zinakula ampea 10. Taa ndogo za mbele na nyuma ampea 2. Koili kama 4. Waipa kama 3. Zimebaki 3. Redio nyingi zinazouzwa zikiwa na maandishi ya wati 50 mara nne zina fyuzi ya ampea 10, na hizo wati 50 ni za kilele cha sekunde. Kazi ya kudumu ni chini ya nusu yake. Na gari likisimama kwenye foleni pale Kwa Mrombo, dainamo kwa mzunguko ule mdogo karibu haitoi kitu, kila kitu kinanyonya betri. Wapo wanaoiondoa dainamo na kuweka alteneta. Si vibaya, na Land Rover wenyewe walifika huko baadaye. Ila mjomba alitaka sauti, hakutaka mtambo mwingine.

Jibu likawa kuchagua kifaa kisichokula. Tulinunua redio ya boti, ile isiyo na uso: boksi dogo lililozibwa dhidi ya maji, lenye FM na Bluetooth, linaloongozwa na kitufe cha mviringo kwenye waya. Amplifaya yake ni ya daraja D, ambayo haiziachi transista zikivuja joto muda wote bali huziwasha na kuzizima kwa kasi kubwa, hivyo sehemu kubwa ya umeme unaoingia hutoka kama sauti. Kwa sauti ya kawaida mita ilisoma ampea moja na nukta. Boksi lenyewe limelala ndani ya sanduku la zana chini ya kiti cha abiria, mbali na tangi la mafuta lililo chini ya kiti cha dereva. Kitufe kimebanwa kwa kibano kwenye ukingo wa trei ya dashibodi. Dashibodi ya Series IIA haina nafasi ya redio, na nimeona nyingi zilizokatwa kwa msumeno ili kuitengeneza nafasi hiyo. Bati likishakatwa halirudi.

Nyaya tulizitoa moja kwa moja kwenye betri, fyuzi ya ampea 10 ikiwa kiganja kimoja tu kutoka kwenye ncha, maana kazi ya fyuzi ni kuulinda waya ulio mbele yake. Unene wa milimita 2.5 za mraba. Kwa mita tatu za kwenda na tatu za kurudi, ampea 10 zinapoteza chini ya nusu volti. Kwa waya wa milimita moja ungepoteza zaidi ya volti nzima, na kwenye mfumo wa volti 12 huo ni upotevu unaosikika. Waya wa kurudi haukufungwa kwenye bodi. Land Rover ina bodi la alumini lililofungwa kwa bolti za chuma, na mahali metali hizo mbili zinapokutana na unyevu, panaota ungaunga mweupe usiopitisha umeme. Taa zinazofifia bila sababu kwenye magari haya mara nyingi zinatokana na hapo.

Kilichotuchosha ni kelele. Siku ya kwanza FM ilileta mlio mwembamba uliopanda na kushuka pamoja na mafuta, na juu yake tiktik ya plagi. Mlio ni wa dainamo: brashi zake zinarusha cheche ndogo muda wote. Tiba ni kapasita ya mikrofaradi moja kati ya ncha kubwa ya dainamo na ethi. Nasisitiza ncha kubwa. Ukiifunga kwenye F, unaivuruga kazi ya kidhibiti cha volti na kuziunguza ncha zake. Tiktik ilitokana na nyaya za plagi za shaba tupu. Tuliweka kofia zenye ukinzani wa kilo-ohm 5 kila moja, na ikapotea. Kukabaki mvumo mmoja uliokuja usiku tu. Tulifungua nusu ya gari kabla ya kugundua kwamba ni chaja ya simu ya bei nafuu iliyokuwa kwenye soketi ya kuwashia sigara. Ikatolewa, kukawa kimya.

Antena imekaa kwenye tundu lililoachwa na mwenye gari wa zamani, bawa la kulia. Tulikwangua rangi upande wa chini hadi alumini ikang'aa, tukapaka grisi kuzuia kutu. Fimbo ina sentimita 75, robo ya wimbi la megahezi 100.

Spika nilizibishania mimi. Fundi alitaka kubwa. Nilisema gari hili likifika kilomita 70 kwa saa, gia na matairi vinanguruma kwenye sauti za chini kiasi kwamba besi yoyote utakayoiongeza utaihisi kifuani bila kuisikia. Kinachopaswa kupenya ni katikati, kati ya hezi 300 na 4,000, ambako kuna maneno ya mtangazaji na magitaa ya Morogoro Jazz na Safari Trippers ambayo mjomba haishi kuyapiga. Basi tukachukua spika za inchi nne zenye koni ya plastiki isiyolainika kwa mvua, tukazitengenezea visanduku vya plaiwudi ya milimita 12, vimezibwa kabisa, vikaning'inizwa chini ya ncha mbili za trei kwa bolti zilezile za gari. Kila kimoja kimeinamishwa kutazama sikio la aliyekaa upande wa pili. Chini ya hezi 100 tulikata, ili spika ndogo isihangaike na kazi isiyoiweza. Na jambo la ajabu, besi ya gitaa bado inafuatika. Noti ya chini kabisa ya gitaa la besi ni hezi 41, haitoki kamwe kwenye spika zile, lakini mirindimo yake ya juu inatoka, na sikio linajijazia lililokosekana.

Chini ya boneti, fundi alibandika kibati kilichoandikwa kwa rangi nyeupe: ETHI HASI. Aliyekizoea kitabu cha Series IIA atakihitaji kibati hicho kuliko mtu mwingine yeyote.

Jumamosi ya kukabidhi, mjomba hakuwasha redio kwanza. Alimwomba fundi aitoe yote. Nyaya mbili kwenye betri, soketi ya spika, antena, bolti nne, kibano kimoja. Alisimama na saa yake mkononi: dakika thelathini na nane. Akainama, akapitisha kidole chini ya trei akitafuta tundu jipya, akapitisha tena upande wa pili. Kisha akanyooka. "Haya kijana, irudishe upesi. Taarifa ya habari ya saa mbili isinipite."