Askari Waasi? Mfano Huu Haufai kwa Figo

Sisi tunaoandika sayansi kwa Kiswahili tunaupenda mno mfano wa "askari walioasi": ukipata lupasi, kinga inazivamia figo. Unavutia, ila unapotosha. Hapa Utemini, ukichuja mafuta ya alizeti unajua mashapo hayana ugomvi na chujio, yamenasa tu. Kingamwili nyingi za lupasi hushika DNA iliyoachwa na seli zilizokufa, na mafungu hayo hunasa kwenye vichujio vya figo (nyingine, kweli, hushika kichujio chenyewe). Hapo protini za komplimenti zinaamka, uvimbe unaanza, protini inavujia kwenye mkojo.

Shida ni kwamba mfano ule unakufanya umsake "mwasi" kwenye damu tu. Kipimo cha ANA huwa chanya hata kwa watu wazima kabisa kiafya, na cha kingamwili za DNA kinaweza kuwa hasi huku figo zinaumia. Vigezo vya kimataifa vya 2019 vya kuainisha lupasi vinazipa kingamwili hizo pointi 6. Kipande cha figo chenye uharibifu wa daraja la III au IV, pointi 10.

Una lupasi na mkojo unatoa povu? Omba upimwe protini kwa kijiti, hata kama majibu ya damu yametulia.