Mnyama Kando ya Mgonjwa: Flush na Kisa cha Paa

Mwalimu mwenzangu, bila shaka umewahi kusahihisha jibu la Karatasi ya Tatu linalosema kwamba mnyama fulani katika ngano "anaashiria mtu mwema", kisha mtahiniwa akasonga mbele. Tumewazoesha wanafunzi kuwa kila ngano yenye wanyama ni hurafa, na kwamba mnyama ni binadamu aliyevishwa ngozi. Yapo masimulizi ambamo mnyama ni mnyama hasa, anayeishi na mwenyewe na kuitikia maumivu yake. Katika makala haya tutalinganisha mawili ya aina hiyo: kitabu Flush cha Virginia Woolf, kilichochapishwa Uingereza mwaka wa 1933, na kisa cha Waswahili cha maskini na paa wake, kinachopatikana katika hadithi ya Sultani Darai iliyochapishwa na Edward Steere mwaka wa 1870 kutokana na masimulizi ya Unguja.

Flush alikuwa mbwa wa kweli. Mwenyewe alikuwa mshairi Elizabeth Barrett, aliyezaliwa mwaka wa 1806 na kuanza kusumbuliwa na maumivu makali ya kichwa na uti wa mgongo akiwa na umri wa miaka kumi na mitano hivi. Alitumia afyuni kwa miaka mingi ili apate nafuu. Mwaka wa 1840 ndugu yake mpendwa, Edward, alikufa maji. Baada ya msiba huo, rafiki yake, mwandishi Mary Russell Mitford, alimpa mbwa huyo. Mshairi huyu aliishi London katika chumba kilichofungwa mapazia, na mbwa akalala miguuni pake.

Mbwa huyo alimsaidiaje? Hakumponya. Woolf anasimulia kwa kufuata hisi za mbwa, hasa pua, na hivyo anatuonyesha kiumbe anayetamani nyasi na jua lakini anayebaki chumbani kwa hiari yake. Barrett mwenyewe alimtungia mashairi mawili. Katika mojawapo anaeleza jinsi alivyokuwa akilia, mbwa akamsogezea kichwa usoni hadi machozi yakakauka. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Flush alikilalia. Hapo ndipo ilipo thamani ya faraja yake: aliyajua maumivu ya mwenyewe kwa kukaa karibu nayo siku baada ya siku.

Hata hivyo, Woolf hamfanyi mbwa kuwa malaika. Robert Browning anapoanza kumtembelea mgonjwa, naye mgonjwa akaanza kupata nguvu, Flush anaona wivu na kumng'ata mgeni. Baadaye anakula keki zilizochacha ambazo Browning alikuwa amezileta, na kitendo hicho kinakuwa ishara ya suluhu. Mtahiniwa atakayeandika kwamba Flush ni "mwaminifu" tu atakuwa amesoma nusu ya mhusika.

Sasa tugeukie kisa cha paa. Maskini mmoja anayechakura jaani anaokota themuni, kisha anaitumia kumnunua paa. Majirani wanamcheka: yeye mwenyewe hana chakula, paa atamlisha nini? Lakini paa anaongea. Mchana anakwenda malishoni, usiku anarudi kwa bwana wake. Anapata almasi, anamposea bwana wake binti wa sultani, na kumuua nyoka wa vichwa saba ili bwana wake apate jumba la kukaa. Kisha paa anaugua. Anamtuma kizee akamwarifu bwana wake. Bwana anaamuru paa apikiwe uji wa mtama mwekundu, na kukumbusha kwamba alimnunua kwa themuni tu. Mkewe anamsihi, lakini wapi! Paa anakufa na kutupwa kisimani.

Tazama jinsi kazi hizi mbili zinavyotumia chakula. Flush anakula kilichochacha kwa ajili ya anayempenda. Paa, aliyemletea bwana wake kila kitu, anaandaliwa uji duni. Tunasema fadhila ya punda ni mateke, tukimlaumu mnyama kwa kukosa shukrani. Msimulizi wa Unguja ameigeuza methali hiyo: aliyepiga teke ni binadamu. Hiki ni kinaya, na msuko unakikamilisha. Mke anaamka nyumbani kwa baba yake, naye bwana anaamka jaani akichakura kama zamani. Adhabu inalingana na kosa. Aliyempima mwenziwe kwa themuni amerudishwa palepale alipoiokotea.

Nawe mtahiniwa, ukikutana na mnyama wa namna hii, jiulize maswali matatu kabla ya kuandika neno "anaashiria". Nani anaumia? Nani amekaa karibu naye? Na aliyefarijiwa anafanya nini zamu yake inapofika? Swali la tatu ndilo lenye uzito. Katika Flush, mwenye maumivu hamwachi mbwa: mwaka wa 1846 Flush alipoibwa na wezi wa mbwa, Barrett, ambaye ni nadra kutoka chumbani, alitoka mwenyewe kumtafuta katika mitaa ya hatari. Maskini wa kisa chetu hakuhitaji kutoka nje ya mtaa. Alihitaji kwenda tu alipolala paa wake, naye hakwenda.

Mwalimu, huenda darasani mwako yumo mwanafunzi anayeishi na selimundu au maumivu mengine yasiyoisha. Huyo anajua tofauti kati ya anayemletea pole na anayekaa naye. Anaweza pia kukueleza kuhusu paka anayemlalia miguuni wakati wenzake wako uwanjani. Ukifundisha kisa cha paa, mpe nafasi aseme, asipoona vibaya, ila usimlazimishe. Halafu waulize wengine darasani: kizee akibisha mlangoni mwenu na habari za mgonjwa, mtamtuma na nini?