Dell ya Ofisini kwa Gemu na Biti: Kwa Nini Kadi ya Grafiki Iliwekwa Mwisho

Ukipita kwenye maduka ya kompyuta za mtumba Kariakoo, mashine hii huikosi: sanduku jeusi, nembo ya Dell kifuani, na ubavuni kibandiko chenye namba ya mali ya ofisi fulani ya Ulaya ambacho hakuna aliyejisumbua kukibandua. Inaitwa OptiPlex 9020. Ilitoka 2013 kwa ajili ya watu wa barua pepe, Excel na printa. Hii tunayoichambua leo ni ya kijana wa Mbagala anayetengeneza biti kwa FL Studio. Wadogo zake nao wanaitaka jioni kwa GTA na mpira. Alipoileta alikuwa na hoja moja tu: "Kaka, weka kadi ya grafiki kwanza, mengine tutajazia mbele ya safari."

Kadi iliwekwa mwisho kabisa.

Watu huweka gemu na muziki kapu moja kwa kuwa vyote viwili vinataka mashine yenye nguvu. Lakini havitaki nguvu ya aina moja. Gemu inataka wingi. Kwa fremu 60 kwa sekunde, kila fremu ina milisekunde 16 na ushei za kuchorwa; moja ikichelewa, picha inashtuka kidogo, mchezaji anasonya, mpira unaendelea. Muziki unataka kuwahi. FL Studio ukiiwekea bafa ya sampuli 256, sauti ikiwa ni sampuli 44,100 kwa sekunde, prosesa inabaki na milisekunde 5.8 hivi za kukokotoa ngoma, besi, kinanda na mwangwi, kabla fungu lililotangulia halijaisha kwenye spika. Ni kama mpika chapati mwenye mteja mlafi: haijalishi amepika ngapi tangu alfajiri, sahani ikikaa tupu mara moja tu, lawama. Sahani tupu hapa ni ule mlio wa "tk" katikati ya biti. Ndiyo maana ukisikia kompyuta fulani inatoa wastani wa fremu 70, hiyo ni habari ya mchezaji. Prodyuza wastani haumhusu. Anataka kujua mashine ilipochelewa kuliko wakati wowote, ilichelewa kiasi gani.

Kazi ilianza na uchafu. Kesi ya 9020 haihitaji bisibisi: unavuta lachi ya ubavuni, mfuniko wote unatoka. Ndani, Dell wamepaka bluu sehemu ambazo mtumiaji anaruhusiwa kuzishika na kuzifungua, mpaka kishikio cha hadidiski. Uungwana wa aina hiyo huuoni kwenye kesi nyingi za "gemu" zenye mataa. Vumbi lilikuwa limeshona kati ya mapezi ya hitisinki kiasi kwamba feni inazunguka kwa kelele na hewa haipiti. Brashi laini, blowa huku kidole kikizuia feni isizunguke ovyo, na pesti mpya juu ya prosesa, maana ile ya zamani ilishakauka ikawa unga. Usisome hapa ukadhani ni habari ya usafi tu. Prosesa za Intel zikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi zenyewe, na hufanya hivyo ghafla. Kwenye gemu huenda usigundue. Kwenye biti unasikia.

Kisha pawa saplai, ambako mashine za ofisi huwatoa watu jasho. Ya 9020 yenye umbo la mnara ni ya wati 290, na haina ile plagi ya pini 6 ya kulishia kadi kubwa za grafiki. Fundi mwenye haraka atakwambia badilisha. Tatizo ni kwamba Dell hawakufuata utaratibu wa wengine. Kompyuta nyingi za mezani hulisha mazabodi kwa kiunganishi cha pini 24. Hii inatumia cha pini 8 cha Dell wenyewe. Pawa saplai inaleta volti 12, na mazabodi ndiyo inayoshusha kuwa 5 na 3.3. Hata hadidiski hunywa umeme kutoka kwenye mazabodi, si moja kwa moja kutoka kwenye pawa saplai. Adapta za kugeuza pini 24 kuwa 8 zipo, lakini kuna zile za waya mwembamba ambazo ukizishika tu unajua zitapata moto. Na pawa saplai za bei ya kutupa zilizobandikwa "500W" ni hadithi nyingine: namba imechapwa kwenye karatasi, ndani uzito haupo. Kati ya hizo na 290 za Dell, nachagua 290.

Tukapiga hesabu badala ya kununua. Prosesa wati 84. Kadi ya grafiki isiyo na plagi yake haizidi 75, kwa kuwa ndicho kiwango ambacho soketi ya PCI Express inaruhusiwa kutoa. Mazabodi, diski, feni na vitu vya USB tukavipa 40. Jumla 199. Pawa saplai ikabaki ileile, na hapohapo ikawa imeshachagua kadi kwa niaba yetu kabla hatujataja gemu hata moja: chochote chenye plagi kiko nje.

Prosesa iliyokuwamo ni i5-4570, viini vinne na nyuzi nne za kazi. Soketi hiyohiyo inapokea i7-4790: viini vinne lakini nyuzi nane, kasi inayofika gigahezi 4.0, na wati ni 84 zilezile, kwa hiyo hitisinki ya zamani inatosha. Mtego uko kwenye mwaka. 4790 ilitoka 2014, mashine ni ya 2013, na BIOS ya mwanzo haiijui prosesa hiyo. Unasasisha BIOS ukiwa bado na prosesa ya zamani, mashine ikiwa kwenye UPS, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo mazabodi inaweza isiamke tena. Wanaogeuza mpangilio huo huishia kutazama skrini nyeusi na kumrudishia muuzaji prosesa nzima kabisa.

Je, nyuzi nane zinamsaidia prodyuza? Nusu yake. FL Studio hugawa njia za mikser kwenye viini tofauti, hivyo biti yenye vyombo vingi inapata pumzi. Lakini plagini zilizopangwa foleni kwenye njia moja hazigawanyiki: kompresa haiwezi kuanza kabla ikwalaiza iliyo mbele yake haijamaliza. Mwenye mashine alikuwa na mazoea ya kurundika kila kitu kwenye masta, na hapo kiini kimoja kinahema huku vingine vikitazama. Kuhamisha nusu ya rundo lile kwenye njia za chombo kimoja kimoja kulileta nafuu bila kutumia hata shilingi.

RAM na diski hazina mjadala mrefu. Kijiti kimoja cha GB 4 kilitoka, vikaingia viwili vya GB 8 vya DDR3, kwenye soketi mbili zenye klipu nyeupe ili njia zote mbili za kumbukumbu zifanye kazi; kijiti kimoja cha kasi ya 1600 hupitisha GB 12.8 kwa sekunde, viwili 25.6. Windows, FL Studio na gemu vikahamia kwenye SSD ya kawaida ya SATA. Hadidiski imebaki ghala la kazi za zamani. Sahani yake inazunguka mara 7,200 kwa dakika, maana yake kila ikiombwa kitu inasubiri wastani wa milisekunde 4 na kidogo ili sehemu husika ifike chini ya kichwa cha kusomea, bado mwendo wa kichwa chenyewe. Kwa piano ya sampuli inayovuta sauti zake kutoka diskini huku unapiga, hiyo ni foleni ndefu.

Baada ya hapo, na kabla ya kadi, biti nzito kuliko zote alizonazo ilichezwa kwa bafa ya 256 mwanzo hadi mwisho. Safi.

Kadi yenyewe ni GTX 1050 Ti ya GB 4, ya mwaka 2016, wati 75. RX 6400 ya 2022 ni mpya zaidi na inakula wati 53 tu, lakini inaongea na mazabodi kwa njia nne pekee za PCI Express. Ilibuniwa kwa kizazi cha 4.0, 9020 ni 3.0, hivyo upana wa njia hizo unakatika nusu. Juu ya hayo haina kisimbaji cha video, na wadogo zake wanataka kurekodi gemu zao. Kwa mashine hii, cha zamani kimeshinda kipya.

Tatizo la 1050 Ti ni bandia. Kuna kadi za kizazi cha GTX 550 Ti, ya 2011, zilizoandikwa upya programu yake ya ndani ili zijitambulishe kama 1050 Ti, na Windows inaamini inachoambiwa. Ishara ya kwanza unaiona kwa macho: tundu la VGA. Chipu za Pascal, ambazo ndizo zilizomo kwenye 1050 Ti, hazitoi mawimbi ya VGA zenyewe, kwa hiyo ukiliona tundu hilo rudisha mkono mfukoni. Ishara ya pili ni programu ya bure ya GPU-Z, ambayo ikinasa kadi ya namna hiyo huandika neno FAKE mbele ya jina lake. Muuzaji alikubali kadi ichomekwe kwenye mashine inayowaka kabla ya malipo. Asiyekubali hilo ana lake.

GTA V ya kompyuta ilipotoka 2015 ilipendekeza i5-3470 na GTX 660. Mashine sasa imevuka hapo. FC 24 inaitaja 1050 Ti kama kiwango cha chini, kwa hiyo mpira unachezeka ukikubali kupunguza manyasi na mashabiki.

Halafu biti ileile ikafunguliwa tena kwa bafa ileile. Tk. Baada ya muda, tk.

Kwa kuwa mashine ilikuwa safi saa chache nyuma, mshukiwa alikuwa mmoja. Kama kadi ingeingia siku ya kwanza, tungekuwa tunahangaika na RAM, diski, vumbi na plagini vyote kwa pamoja. LatencyMon, programu inayopima ni draiva gani inashikilia prosesa na kwa muda gani, ilielekeza kidole kwa draiva ya Nvidia. Kadi inapokuwa haina kazi hushusha kasi yake ili kuokoa umeme, kisha inapanda tena, na kupanda na kushuka huko kunakula muda wa prosesa. Kwenye mipangilio ya Nvidia, FL Studio ikapewa nguvu ya juu wakati wote. Draiva ya sauti ya HDMI inayokuja na kadi ikazimwa, maana monita haina spika. Windows ikaambiwa itumie mpango wa nguvu ya juu, na kwenye BIOS usingizi wa prosesa, unaoitwa C-States, ukafungwa. Mashine inakula umeme zaidi ikiwa imekaa bure. Mlio ukaisha.

Saundi kadi ya nje ilikuwa ya mwisho kununuliwa. Tundu la hedifoni la mbele lilikuwa likitoa mvumo unaobadilika ukisogeza mausi, na maiki ya kondensa inahitaji volti 48 ambazo tundu hilo halitoi. Kile kisanduku cha USB kinakuja na draiva yake ya ASIO, na kimechomekwa nyuma, moja kwa moja kwenye mazabodi. Spika na kompyuta viko kwenye ekstensheni moja; vikitoka soketi mbili tofauti, nyumba yenye ethi dhaifu hukuletea mngurumo wa hezi 50 ambao hakuna plagini inayoufuta vizuri.

Lililobaki halina bisibisi. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 na prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda mbele. Hii ni ya nne, na TPM yake ni 1.2. Njia za kuilazimisha zipo, sikuzitumia kwenye mashine ya mtu anayeitegemea. Linux ingefaa kwa gemu nyingi kupitia Proton ya Valve, ila FL Studio haina toleo la Linux. Imebaki Windows 10. Mambo ya benki yanafanyika kwenye simu, kebo ya intaneti inachomekwa wakati wa kusasisha gemu, na kila biti iliyokamilika inanakiliwa kwenye diski ya nje ambayo wadogo zake hawajui inawekwa wapi.