Kuipima Pwani ya Peter Lanyon

Anayekwenda kutazama picha za Peter Lanyon akitarajia pwani ya kadi ya posta atatoka mikono mitupu. Jua halizami humo, na mara nyingi hata bahari yenyewe ni ya kutafutwa. Lanyon alizaliwa mwaka 1918 katika mji wa St Ives, Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza. Wasanii wengi walioupa mji huo jina, akiwamo mwalimu wake Ben Nicholson, walikuwa wageni waliohamia. Yeye alikuwa mwenyeji, na aliichora pwani ile kama mtu anayejua nani kazikwa wapi.

Kwanza itafutwe njia. “Porthleven” ya mwaka 1951, iliyo katika hazina ya Tate, ni ubao uliosimama wima, urefu wake karibu mita 2.4. Mji wa wavuvi unaonekana humo kutoka juu, ubavuni na ndani kwa mpigo mmoja: bandari katikati, mnara wa saa kule juu. Jicho likifuata rangi, linazunguka gati na kurudi mjini bila kupotea. Lanyon alizoea kuunda kwanza vitu vya vioo na mbao ili aielewe nafasi kabla ya kushika brashi. Wanaomwiga huiruka kazi hiyo, ndiyo maana mistari yao hupishana tu na haimfikishi mtu popote.

Kisha mtazamaji asogee karibu. Rangi imepakwa, ikakwanguliwa, ikapakwa tena, hata kijani cha juu kinaachia kahawia ya chini ichungulie mithili ya jabali lililoliwa na chumvi. Mkwaruzo mzuri una sababu: unageuka pale ardhi inapogeuka. Uliowekwa kwa urembo hujulikana upesi, maana ukifutwa picha haipungukiwi kitu.

Kipimo kigumu zaidi ni nasaba: je, picha inawakumbuka watu wa ardhi ile? Cornwall iliishi kwa bati na shaba, na katika mgodi wa Levant, karibu na St Just, watu 31 walikufa mwaka 1919 mtambo wa kuwapandisha wachimbaji ulipokatika. Katika “St Just” ya mwaka 1953, mchirizi mweusi unashuka katikati ya picha: ni shimo la mgodi, na papo hapo ni msalaba. Hakuna sura ya mtu iliyochorwa ili kutuliza, lakini msiba umo.

Mwaka 1959 alianza kurusha ndege isiyo na injini, na picha kama “Thermal” ya 1960 zikajaa hewa na buluu. Zinapendwa sana, pengine kupita kiasi. Baadhi ni nyepesi, na ardhi ya wazee wake imebaki mbali mno chini. Alifariki Agosti 1964 kufuatia ajali ya ndege hiyo, akiwa na miaka 46.

Mwenye nafasi ya kuona moja tu, basi na iwe “St Just”.