Mgeni Mbele ya Kipaza Sauti

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa maneno hayo watu wa pwani wamempokea mgeni tangu kale, na maana yake haina utata: heri huja na mwenye kubisha hodi, na faida humwangukia mwenye nyumba. Podikasti, yaani mazungumzo yanayorekodiwa na kusambazwa kwa intaneti, ambayo jina lake lilianza kuonekana magazetini mwaka 2004, imeipindua methali hiyo. Sasa husemwa kwamba anayepona ni mgeni. Mtunzi hushauriwa akubali kila mwaliko, kwani kila akaapo mbele ya kipaza sauti hupungukiwa na haya, hujijua zaidi na kukomaa. Dai hilo lina ukweli ndani yake, lakini wapenzi wa ushairi wana haki ya kulipima kabla ya kulipokea.

Ukweli wake unaonekana katika maisha ya Jorge Luis Borges, mshairi na mwandishi wa hadithi wa Argentina. Borges alikuwa mtu wa haya nyingi. Aliwahi kuandika hotuba akamwachia mwingine aisome. Mwaka 1946, wakati wa utawala wa Juan Perón, aliondolewa katika kazi yake ya maktaba na kupangiwa ukaguzi wa kuku na sungura sokoni. Akajiuzulu. Ili apate riziki ikambidi alifanye lile aliloliogopa mno, kusema mbele ya watu, naye ana umri wa miaka 47. Akazunguka miji ya Argentina na Uruguay akitoa mihadhara, na baadaye alisimulia kwamba hapo ndipo maisha mapya yalipomfungukia.

Miaka ilipita, na macho nayo yakaondoka. Alipokuwa hawezi tena kusoma, katikati ya miaka ya 1950, Borges alizirudia tungo za vina na mizani, kwa kuwa hizo huweza kuchukuliwa kichwani bila ya karatasi. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa sababu hiyo. Ndiyo iliyozihifadhi tenzi nyingi vifuani mwa watu kabla hazijaandikwa. Mwaka 1984, akiwa amepindukia miaka 80, alianza kukaa katika redio ya Buenos Aires na Osvaldo Ferrari, mshairi mdogo sana kwake kwa umri, wakawa na mazungumzo marefu ambayo baadaye yalichapwa vitabuni. Hayo hayakuitwa podikasti, lakini sifa zake zote zimo: watu wawili, maneno yasiyosomwa popote, na msikilizaji asiyeonekana. Umaarufu Borges alikuwa nao tayari. Alichokipata hapo ni mwenzi wa kufikiri naye, na kwa kipofu sauti ya mwenzi ni sawa na ukurasa mweupe.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na wakati huu. Mary Oliver, mshairi wa Marekani aliyefariki mwaka 2019, alikuwa mchache wa kuhojiwa. Mwaka 2015, akiwa na umri wa miaka 79, alizungumza na Krista Tippett katika On Being, kipindi kinachosikika pia kama podikasti. Katika mazungumzo hayo aliugusa utoto wake wa mashaka katika jimbo la Ohio, na jinsi matembezi ya msituni na ushairi vilivyomwokoa. Wasikilizaji wengi walishikamana na sehemu hiyo, na ni haki yao, kwani maumivu ya mtu huvuta moyo.

Hata hivyo, kwa mhakiki, lililo kubwa zaidi ni jambo dogo alilolieleza kuhusu shairi lake mashuhuri, «Wild Geese». Alisema kwamba lilianza kama zoezi tu. Alitaka kumwonesha rafiki yake jinsi mistari inavyofanya kazi pale kila mmoja unapotua mwishoni mwake. Yaani, kwa istilahi ya Kiswahili, mistari toshelezi, iliyo kinyume cha mistari mishata. Shairi ambalo maelfu wamelisoma kama wahyi ulioshuka kwa ghafla lilizaliwa katika karakana ya ufundi. Siri hiyo haimo katika diwani. Imetoka kwa sababu mgeni aliulizwa juu ya kazi ya mkono wake.

Hapo ndipo penye kipimo. Methali nyingine yasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wa podikasti naye apewe jembe. Mtunzi azungukaye na kisa kimoja kutoka kipaza sauti hiki hadi kingine, kisa cha umaskini wake, cha skuli aliyoiacha, cha siku aliyoshika kalamu, hakui kwa hilo. Mara ya kwanza husimulia. Mara ya kumi hujinukuu. Huenda akauza vitabu, na kuuza si dhambi, ila biashara isiitwe ukomavu. Kinachomkuza ni swali ambalo hakulitarajia, limfanyalo anyamaze kidogo kabla ya kujibu.

Ushairi wa Kiswahili una ushahidi wa zamani wa jambo hili. Katika majibizano ya malenga, kama yale ya zama za Muyaka bin Haji wa Mombasa katika karne ya 19, mtunzi hakuachwa ajisifu peke yake barazani. Alifungiwa fumbo akatakiwa alifumbue, tena kwa bahari ileile na kwa ufundi usiopungua wa mwenzake. Aliyeshindwa alijulikana. Aliyejibu alitoka na utungo ambao asingeutunga kama angeachwa na raha yake.

Jambo hili si la mapambo kwa visiwa na pwani. Mwaka 2021 alifariki Haji Gora Haji, mzaliwa wa Tumbatu, mtunzi wa diwani ya Kimbunga. Kila aondokapo mkongwe wa namna hiyo, maswali ambayo hakuulizwa huondoka naye: neno hili la kijijini ulilipata kwa nani, kina hiki ulikikataa kwa nini, mahadhi haya alikughania nani mara ya kwanza. Leo kijana mwenye simu ya mkononi anaweza kumrekodi mzee jioni moja na sauti ikabaki. Lakini akimuuliza tu juu ya tuzo na safari zake, atakuwa amehifadhi sauti na kuacha elimu ipotee.

Basi mwenyeji asome diwani kabla ya kumwalika mtu, na mgeni aende akiwa tayari kuulizwa asilolijua. Wakifanya hivyo, watapona wote wawili, na pamoja nao yule msikilizaji aliyekaa mbali, ambaye methali haikumtaja.