Chuma Juu ya Nyuzi Mbili

Gitaa la chuma, ambalo wengine hulijua kwa jina la gitaa la Kihawai, hulazwa mapajani uso wake ukitazama juu, na mkono wa kushoto, badala ya kubana nyuzi kwa vidole vinne, hushika kipande kimoja cha chuma laini na kukitelezesha juu yake. Na kwa kuwa chuma hicho hakina kiungo wala hakipindi, aghalabu husemwa kwamba chombo hiki ni cha nyimbo za kubembeleza tu, na kwamba jazz, ambayo kodi zake hubadilika kabla sikio halijatulia, hakiiwezi. Dhana hiyo si sahihi, na katika safu hii nataka kubainisha, hatua kwa hatua, jinsi jambo linalodhaniwa kuwa muhali linavyofanyika.

Asili ya ufundi huu ni visiwa vya Hawaii, ambako Joseph Kekuku ndiye anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi wake mwishoni mwa karne ya 19. Huku kwetu Afrika, Nico Kasanda wa Kongo, aliyekuwa mpiga solo wa African Jazz ya Joseph Kabasele na baadaye, mwaka 1963, wa African Fiesta, aliingiza sauti ya gitaa hilo katika rumba, ikapendeza mno. Walakini rumba ile, kama zilivyokuwa nyimbo za bendi za Tanzania, Morogoro Jazz na Western Jazz, ambazo kwazo jina la jazz lilikuwa na maana ya muziki wa dansi, ilisimama juu ya kodi chache zinazorudiwa, ilhali jazz ya Marekani humtaka mpigaji ahame ufunguo hata katikati ya wimbo. Mwaka huo huo wa 1963 Mmarekani Buddy Emmons alirekodi santuri nzima ya jazz kwa gitaa la chuma akiwa na wanamuziki wa New York. Lakini gitaa lake lilikuwa na kanyagio za kubadilisha sauti za nyuzi, nasi tunataka kujua itakuwaje pasipo kanyagio.

Tuchukue mfano wa “Cherokee”, wimbo alioutunga Mwingereza Ray Noble mwaka 1938, na ambao Charlie Parker aliufanya msingi wa “Ko-Ko” mwaka 1945. Una vipimo 64, na ugumu wake uko katika sehemu ya kati, ambapo wimbo huacha ufunguo wake wa B bemoli, ukaingia B, kisha A, kisha G, kila ufunguo ukikaa vipimo 4 tu na kuletwa na kodi mbili za kuutangulia. Mpigaji anayetaka kuliza kodi nzima nzima kwa chuma kilichonyooka atakimbia shingo yote ya gitaa, na bado atachelewa.

Siri ni kuacha nusu ya sauti za kodi. Besi ikiwa imekwisha kupiga mzizi, sauti mbili tu zatosha kumjulisha msikilizaji aliko, na wanakwaya, waliolelewa kwa do-re-mi, watazitambua mara moja: kodi ya kwanza ni do na fa, ya pili, ti na fa, ya tatu, ambayo ndiyo nyumbani, ni ti na mi. Kila hatua, sauti moja hukaa, na nyingine hushuka nusu toni.

Sasa nyuzi 6 na zipangwe, kuanzia nene hadi nyembamba, C, E, G, A, C, E, na tutumie mbili tu, wa 4 na wa 2 tukihesabu kutoka ule mwembamba. Chuma kikilala sawasawa freti ya 16, do na fa za B zimepatikana. Kisha ncha ya chuma iliyo mbali na mpigaji ibaki pale pale juu ya uzi wa 2, na upande ulio karibu naye urudi freti ya 15 juu ya uzi wa 4: chuma kimekaa mshazari, nazo ti na fa zinalia. Halafu ncha nayo irudi 15, chuma kikanyooka tena, na tumefika ti na mi. Ukishuka freti moja zaidi, hadi 14, umekwisha kuingia ufunguo wa A, na mwendo ni ule ule hadi 13. Kisha 12, na mwisho 11 kwa ufunguo wa G. Njia iliyoonekana kuwa ya milima ni ngazi yenye vidato 6.

Nimeijaribu hapa Mkwajuni kwa chuma alichonichongea fundi atengenezaye makarasha ya wachimba dhahabu, nami nashuhudia kwamba mashaka ni mawili. Uzi wa 3, ulio katikati, ukipigwa wakati wa mshazari huharibu kila kitu, kwa hiyo kidole gumba cha mkono wa kulia kipige uzi wa 4 na cha kati uzi wa 2, bila kubadilishana kamwe. Aidha, kila chuma kinapohama, kiganja cha kulia kizime nyuzi kwanza, la sivyo mlio wa kuteleza utafunika kodi ijayo.

Anayeanza asishike chuma kwanza. Aimbe do ikishuka kwenda ti, kisha fa ikishuka kwenda mi, polepole, mpaka koo lizoee. Kwani mkono hauwezi kupata pembe ya sauti ambayo sikio halijaitarajia.