Kiraka cha Git: Tazama Kwanza Kinavyoshindwa

Ndani ya Git, kila kinachohifadhiwa ni cha aina moja kati ya nne: blobu yenye yaliyomo kwenye faili, trii inayoorodhesha folda, komiti, au tagi yenye maelezo. Basi mtu akileta kiraka cha kuifanya programu itaje aina ya kitu, wengi hukiona chepesi: uliza aina, ichapishe, umemaliza. Kwangu hicho ndicho kipimo kizuri cha fundi. Kazi ikiwa ndogo, uzembe hauna pa kujificha.

Mimi huanza kukagua pale kitu kinapokosekana. Git imeandikwa kwa lugha ya C, na oid_object_info, inayoulizwa aina, hurudisha namba hasi ikishindwa. Mwandishi wa haraka huikabidhi namba hiyo kwa type_name bila kuitazama. Hiyo nayo isipoitambua hurudisha NULL, na NULL hiyo huenda kuchapishwa kama neno. Kwenye Linux kwa kawaida utaona “(null)” na kazi ikaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwenye mifumo mingine programu huanguka palepale. Kiraka safi hutaja kitu gani hakipo. Tazama git cat-file --batch-check: huandika jina ililopewa, kisha missing, ikaendelea na mstari unaofuata.

Mtego wa pili ni hazina iliyopachikwa ndani ya hazina nyingine. Kwenye trii, ingizo lenye modi 160000 huelekeza kwenye komiti ya hazina hiyo ya pili, na git ls-tree huliita commit kwa kusoma modi tu. Komiti yenyewe kwa kawaida haimo humu. Anayetaka “kuongeza usahihi” kwa kwenda kukagua kila kitu kilichotajwa ataiharibu amri iliyokuwa nzima. Angalia na tagi: v1.0 yenye maelezo hujibu tag, isiyo na maelezo hujibu commit, na v1.0^{} huivua tagi hadi kufikia inachokielekeza. Mwandishi awe ameamua anataka jibu lipi, na majaribio yake yaonyeshe uamuzi huo.

Gharama nayo ina siri yake. Aina husomwa kwenye kichwa cha kitu, kwa hiyo kuifungua blobu nzima ya gigabaiti mbili ili kujua kwamba ni blobu ni aibu. Ila si bure pia. Kitu kilichofungashwa kama delta hupata aina yake kwenye msingi wake, na mnyororo wa kuufikia huo msingi, kwa mpangilio wa kawaida, unaweza kufika hatua 50. Kama mtumiaji hakuiomba aina, usiitafute.

Matokeo yanayosomwa na skripti yabaki commit, tree, blob na tag, hayatafsiriwi. Ujumbe wa binadamu ni kazi nyingine: sentensi iandikwe nzima kwa kila aina, isiunganishwe vipandevipande. Mfasiri wa Kiswahili atafanyaje na “%s haipo”, wakati kitu hakipo na mti haupo? Mfano ninaoupenda ulikuja na Git 2.11, mwaka 2016: kifupi cha heshi kikilingana na vitu kadhaa, programu huviorodhesha pamoja na aina zake, na komiti huja na tarehe na kichwa chake cha habari. Mtu huchagua bila kubahatisha.

Usafi wa msimbo wa zamani uje katika komiti yake, bila kubadili tabia yoyote. Tabia mpya ifuate. Na toleo jipya likiletwa, git range-diff itakuonyesha kilichobadilika tangu lililopita.

Kiraka kisicho na jaribio la kitu kilichokosekana, kirudishe, hata kama mengine yote yamekaa sawa.